Usiache Swali Wazi

Kwa Vonza,
9 Juni 2024

Shangazi Kanini mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye joto na vumbi. Mimi ni mzima. Baba alipita hapa juma lililopita akielekea Kitui mjini, akaniachia maharagwe na maneno mengi, na vyote viwili bado sijavimaliza. Anasema sikio lako la kushoto bado halisikii, na ukipigiwa simu unakata kwa hasira. Ndiyo maana nimeamua kukuandikia kama watu wa zamani. Mama Kasyoka, jirani yako anayeleta kabichi katika soko la hapa, amekubali kubeba barua zetu. Ng'ombe anaendeleaje? Na wewe je, usingizi unapata?

Kila mara wewe huniuliza hii saikolojia tunayosomea ni ya kazi gani, nami hukwepa. Leo nitajibu. Namsaidia mhadhiri wetu kupima jinsi watu wanavyokumbuka. Namsomea mtu maneno kumi na matano, polepole. Tunaongea mambo mengine dakika ishirini, kisha napima kwa njia tatu. Kwanza anitajie yote anayokumbuka, bila msaada wowote. Halafu namdokezea: kulikuwa na mnyama, kulikuwa na chombo cha jikoni. Mwisho namsomea maneno thelathini, nusu ya yale ya mwanzo na nusu mapya, naye anasema ndiyo au hapana kwa kila moja. Mtu aliyekumbuka matano peke yake anaweza kutambua kumi na matatu. Yaani yale maneno alikuwa nayo kichwani muda wote, ila hakupata njia ya kuyatoa.

Mzee Idris mwenye duka la vitambaa alitaja kumi na manne bila msaada. Nilipomuuliza siri yake aliniambia, "Wewe msichana, hiyo maneno yako mimi napanga kwa shelfu. Ng'ombe nimeweka kando ya leso, sufuria iko juu ya pazia. Ukiniuliza naangalia tu shelfu." Mhadhiri alicheka mpaka akavua miwani.

Nimekuwekea orodha moja. Mama Kasyoka akusomee upande wa sikio zima, kisha mfuate maagizo.

Jambo dogo la mwisho. Siku ile uliyoenda kituo cha polisi kumtambua yule kijana Mbaluka, walimpanga na wanaume wangapi? Nauliza tu.

Ni mimi wako,
Nthenya


Nunguni,
30 Juni 2024

Mwaitu,

Nitazidi kukuita mama. Baba yako alikupa jina la mama yetu, kwa hivyo wewe ni mama yangu upende usipende, hata kama ni mimi niliyekuwa nikikuogesha kwenye karai. Barua yako nilifurahi kuipata. Nimeisahihisha kwa kalamu nyekundu na ninairudisha ndani ya bahasha hii. Makosa sita. Unakimbilia mwisho wa sentensi kama mtu anayefukuzwa.

Huku ni baridi mpaka kwenye mifupa. Ukungu unashuka jioni na hauondoki mpaka saa nne asubuhi. Ng'ombe anakamuliwa, ila maziwa siku hizi anapeleka Mama Kasyoka. Mimi sitoki nje kabla jua halijaonekana. Usingizi unakuja na kuondoka, tuliache hilo.

Mtihani wako nimeufanya. Bila msaada nilipata saba. Kwa kudokezewa, kumi. Kwa kuchagua, kumi na manne kati ya kumi na matano! Sikio lilipigwa, kichwa kiko sawa. Lakini msidhani mmegundua kitu kipya huko chuoni. Sisi walimu tunajua hayo toka zamani. Ukitaka kujua mtoto amesoma kweli, mwambie aeleze. Ukitaka kumsaidia, mpe nafasi ajaze. Ukitaka darasa zima lipite mkaguzi afurahi, wape ya kuchagua. Na kwa ya kuchagua nilikuwa na amri moja, miaka thelathini na mmoja: usiache swali wazi. Hujui jibu, chagua linalofanana na jibu. Watoto wangu walipita.

Kuhusu kituoni, walikuwa wanaume wanane. Nilimchagua wa tatu kutoka kushoto, wala sikuchukua muda. Mtu aliyenivizia njiani alfajiri nikipeleka maziwa, akanipiga sikioni akaninyang'anya simu na mkoba, nimsahau? Nyuso ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote. Nilikuwa na hakika na bado nina hakika.

Nthiwa, mama yake Mbaluka, bado anakaa benchi la mbele yangu kanisani. Hageuki nyuma hata tukiambiwa tusalimiane.

Kula vizuri. Baba yako anasema umekonda.

Shangazi yako,
Mwl. Kanini


Kwa Vonza,
21 Julai 2024

Shangazi mpendwa,

Asante kwa makosa sita. Nimejaribu kupunguza mwendo. Mama Kasyoka hakuja sokoni wiki mbili, alisema barabara ya huko juu imekuwa utelezi, ndiyo sababu nimechelewa. Mimi ni mzima. Ninayekaa naye chumba kimoja, Najma, amechumbiwa, na kila jioni tunakula vyakula vya kwao mpaka nashindwa kusoma. Mwambie Baba sijakonda.

Majibu yako nimeyapitia. Kumi na manne ni vizuri sana. Ila, Shangazi, umesema ndiyo pia kwa maneno matatu ambayo hayakuwemo. Hayo nayo tunayahesabu. Mtu anayesema ndiyo kwa kila kitu atapata kumi na matano yote, na hajakumbuka lolote. Kwa hivyo mhadhiri hutazama ndiyo za kweli na ndiyo za uongo kwa pamoja, ndipo ajue mtu ametambua au amebahatisha. Na jambo linalonitesa ni kwamba wanaokosea hawaonyeshi wasiwasi. Wanajibu kwa sauti ileile.

Nimekutumia orodha nyingine, ya pili. Ifanye na akina mama wa kanisani ukipenda. Mama Kasyoka asome, muongee dakika chache, kila mtu aandike anayokumbuka. Msiangalie karatasi mpaka mmalize.

Na ninaomba uniambie kitu kimoja. Kabla ya lile gwaride la kituoni, ulikuwa umeiona sura ya Mbaluka mahali popote? Huna haja ya kunijibu haraka.

Wako,
Nthenya


Nunguni,
25 Agosti 2024

Nthenya,

Tuko wazima. Parachichi zimevunwa. Baba yako alikuja akakarabati mlango, akaweka makomeo mawili.

Orodha yako tuliifanya hapa sebuleni, akina mama watano. Kitanda, godoro, blanketi, mto, shuka, neti, ndoto, kukoroma, uchovu, na mengine ya namna hiyo. Niliandika tisa. Neno la tatu niliandika "usingizi". Wenzangu watatu pia waliliandika. Kasyoka akasema halimo. Nikamwambia umeliruka kwenye kuangalia, kwa sababu ulilisoma. Akasema, "Mwalimu, mimi nimesoma vile imeandikwa. Angalia mwenyewe." Nikabishana naye mbele ya wageni. Nilimwambia nimelisikia kwa sikio langu zima, na sauti yake ninaikumbuka akilitamka. Kisha nikachukua karatasi.

Halimo. Nimeisoma mara nne.

Wageni walicheka, wakanywa chai wakaenda. Mimi sikucheka. Nilikaa na karatasi ile mpaka chai ikapoa ndipo nikaelewa kwamba hukuniletea mchezo. Umenitega. Mtoto niliyemfundisha kushika kalamu amenitungia mtihani ili nishindwe, kisha chini yake ameweka swali lake la kweli, la Mbaluka.

Unauliza kama niliiona sura yake mahali popote. Wewe, Nthenya, ndiye mtu wa mwisho anayepaswa kuniuliza hilo. Unajua ninachosema na sitaki tuendelee.

Kesi inasikizwa tarehe 14 Novemba. Mimi ndiye shahidi, hakuna mwingine. Usiniandikie mpaka iishe.

Kanini


Kwa Vonza,
8 Septemba 2024

Shangazi,

Naomba unisamehe kwa kukuandikia ulipokataza. Salamu zote zimo humu hata nisipozitaja.

Ni kweli, nilikutega. Sikuwa na ujasiri wa kusema, nikatuma orodha iseme kwa niaba yangu. Sasa nasema mwenyewe.

Tarehe 19 Aprili, siku tatu baada ya kuvamiwa, nilikuwa kando ya kitanda chako hospitalini. Binamu yangu Mulinge alikuwa ametuma picha kwenye kundi la ukoo: kijana anayevuna parachichi, amekamatwa, wanasema ndiye. Nilikuwekea simu mbele ya macho nikasema, "Ndiye huyu, Shangazi, wamempata." Ulisema hujui. Nikakwambia angalia vizuri. Ukasema hujui. Mchana nikakuonyesha tena. Jioni nikakuonyesha mara ya tatu, na hapo ukasema, "Ndiye." Nilifurahi! Nilikukumbatia. Siku tatu baadaye ukaenda kituoni ukamchagua mara moja katikati ya wanane, nasi sote tukasema Mwalimu ana kichwa.

Mwezi Mei ndipo mhadhiri alipotufundisha kwamba ukimwonyesha mtu sura kisha ukampeleka achague, anaweza kuitambua picha akadhani ametambua mtu. Nilitoka darasani kabla hajamaliza. Tangu siku hiyo sijamwambia yeyote. Mbaluka yuko rumande mwezi wa tano sasa, na kosa la wizi wa mabavu halina kifungo kidogo.

Sijui kama ni yeye au siye. Labda ni yeye. Ninachojua ni kwamba mimi niliharibu karatasi yako kabla hujaanza kuandika.

Naomba kitu kimoja tu. Ndani kuna bahasha ndogo iliyofungwa. Siku ile ya kwanza, kabla ya picha yoyote, ulinisimulia yaliyotokea nami nikayaandika kwenye daftari, maana nilidhani polisi watayahitaji. Hawakuniuliza. Usiifungue kwanza. Chukua karatasi nyeupe, andika yote unayoyakumbuka ya asubuhi ile, bila mtu kukudokezea. Ukimaliza, fungua, ulinganishe. Hata usiponiambia umeona nini.

Nthenya


Kwa Vonza,
20 Oktoba 2024

Shangazi,

Wiki sita. Mama Kasyoka anasema ulipokea bahasha, ukaiweka ndani ya Biblia. Nilimuuliza kama una afya akanijibu, "Ako sawa, lakini siku hizi haongei. Anaangalia tu ukuta."

Nimemwambia Baba kila kitu. Akasema niufunge mdomo wangu mwenyewe, kwamba dada yake alipigwa akapoteza sikio na mtu ni lazima alipe. Nilimuuliza, mtu yeyote? Alikata simu.

Mvua imeanza kunyesha hapa. Sikuombi jibu. Nilitaka tu ujue kwamba ninakungoja.

Nthenya


Nunguni,
1 Desemba 2024

Mwaitu,

Natumaini mvua hiyo yenu haijaingia kwenye vitabu. Huku mahindi yameota vizuri na ng'ombe ana mimba. Baba yako hajakanyaga hapa tangu katikati ya mwezi uliopita. Akija kwako mpe chakula, usibishane naye.

Bahasha yako niliikalia muda mrefu kwa sababu nilikuwa na hasira, na kwa sababu nilikuwa na woga. Woga ulikuwa mwingi zaidi. Unakumbuka nilivyokwambia nina hakika? Nilikuwa nayo kweli. Hilo ndilo linaloniumiza. Sikudanganya mtu.

Tarehe 12 Novemba, siku mbili kabla ya kesi, nilikaa mezani baada ya kunywa uji nikaandika kama mwanafunzi. Nimebeba mkebe wa maziwa. Kuna ukungu, sioni hata ua wa Kasyoka. Nasikia viatu vya gambuti kwenye matope nyuma yangu. Mtu anakohoa. Napigwa, naanguka, kifuniko cha mkebe kinabingirika mpaka kwenye mtaro. Mwanaume ana koti refu la mvua, amevuta kofia ya koti mpaka puani. Ni kijana, uso mrefu, ana kovu dogo juu ya nyusi ya kulia.

Nikafungua bahasha yako. Gambuti yapo. Kikohozi kipo. Kifuniko kipo, mpaka mtaro. Koti na kofia vipo. Kisha umeandika, kwa maneno yangu mwenyewe: "Uso sikuuona."

Nilichukua kalamu nyekundu. Miaka yote nimesahihisha za wengine. Kofia imefika puani na kuna ukungu, Mwalimu, kovu la kwenye nyusi umelionaje? Nilipiga mstari chini ya sentensi ile mpaka karatasi ikatoboka. Nikalia, sitakuficha.

Mahakamani watu walijaa. Nthiwa alikaa mbele. Kijana amekonda, shati lilimning'inia. Kiongozi wa mashtaka akaniuliza taratibu, maana walijua sisikii vizuri, "Mwalimu, yule aliyekushambulia yuko ndani ya chumba hiki?"

Hapo nilijua kila mtu ananingoja. Baba yako alikuwa ananiitikia kwa kichwa kunitia moyo. Kidole changu kilitaka kuinuka chenyewe. Nikasema, "Namwona yule niliyemchagua. Kama ndiye aliyenipiga, sijui." Hakimu akaniambia nirudie. Nikarudia. Nikasema nilionyeshwa picha yake mara tatu kabla ya gwaride, na mara mbili za kwanza nilisema simjui. Wakauliza nani alinionyesha. Nimekutaja jina, Mwaitu. Nimesema ulifanya kwa mapenzi. Unisamehe, lakini singeweza kusahihisha nusu ya karatasi nikaacha nusu.

Walimwachilia wiki iliyofuata. Hapakuwa na ushahidi mwingine. Njiani watu wananisalimia kwa haraka. Wengine wanasema nimehongwa, wengine wanasema pigo lile limenivuruga akili. Anayejua ukweli wa lile pigo anatembea hapahapa Nunguni, labda ananiuzia sukari, nami nimemsaidia kujificha kuliko ukungu ulivyomsaidia.

Jana Mbaluka alikuja na mama yake. Nthiwa alikaa kwenye kiti cha mlangoni, hakuegemea. Kijana alisema, "Mwalimu, nimekuja tu kukusalimia. Mama alisema ni vizuri." Nilimwomba msamaha, nikautamka wote, miezi saba mmoja mmoja. Akasema, "Ni sawa." Haikuwa sawa, na sote watatu tulijua.

Nilimimina chai. Nilipompa kikombe alisogea karibu, nikaliona lile kovu, nikarudi nyuma na chai ikamwagikia kitambaa. Yeye aliona. Mama yake aliona. Kijana alichukua birika mkononi mwangu akamimina mwenyewe, mimi kwanza, kisha mama yake, kisha yeye.

Nakuuliza wewe uliyesoma. Najua uso sikuuona. Nimekubali mbele ya hakimu na mbele ya Mungu. Lakini kila nikiirudia asubuhi ile, nasikia gambuti, nageuka, na chini ya kofia ni yeye. Kijana ametoka rumande, lakini kichwani mwangu hajatoka. Mnajua kupima jinsi mtu anavyokumbuka. Uliza huko chuoni kama kuna njia ya kumtoa, uniandikie, hata kama jibu ni hapana.

Shangazi yako,
Kanini